Land Cruiser Mbili, Kalahari hadi Namib: Shajara ya Mradi

Njia na msimu

Njia imeshaamuliwa. Tunaanzia daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021 na kuondoa foleni ya pantoni kati ya Zambia na Botswana. Kutoka hapo ni Kasane, Nata, nyanda za chumvi za Makgadikgadi, Rakops, hifadhi ya Kalahari ya Kati, Ghanzi, mpaka wa Mamuno na Buitepos, halafu Windhoek. Baada ya Windhoek tunapanda hadi Opuwo, tunashuka kwa mteremko mkali wa mawe wa Van Zyl's Pass kuingia bonde la Marienfluss, kisha Puros, Sesfontein na Palmwag, tunatokea pwani ya Skeleton Coast, Swakopmund na Walvis Bay. Mwisho wa njia ni Sesriem, kwenye milima ya mchanga ya Sossusvlei.

Msimu uliochaguliwa ni Agosti. Mvua za huko hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi, na uwanda wa chumvi huchukua miezi kukauka hata baada ya anga kuwa safi. Oktoba uwanda ni mkavu kabisa, lakini joto la Kalahari hupita nyuzi 40, friji haipumziki na watu wanakunywa maji maradufu. Ubaya wa Agosti ni usiku: Kalahari huweza kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo mabomba ya maji ya nje yamwagwe kabla ya kulala na dumu moja lilale ndani ya gari.

Magari na uzito

Magari ni Land Cruiser mbili za hardtop, aina ya 78, injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala nozeli za umeme. Nguvu yake ni ndogo, na mlimani kwenye lami malori yatakupita. Ila inameza dizeli ya kawaida ya vijijini, na fundi yeyote wa Maun au Opuwo anaijua. Taimingi belti yake hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama imebaki kilomita 15,000 kufika hapo, badilisha nyumbani. Ikikatika, pistoni hugonga valvu, na hilo halitengenezeki chini ya mti.

Kazi kubwa ya karakana ilikuwa kupunguza uzito, si kuongeza vitu. Hesabu ya gari moja ni hii: tenki mbili za lita 90 zikijaa ni kilo 150 za dizeli, dumu moja la akiba la lita 20 pamoja na chuma chake ni kilo 21, maji lita 80, watu wawili kilo 160, hema la juu kilo 60, spea taya mbili kilo 70, friji na vilivyomo 40, betri ya pili 30, vifaa vya kukwamulia na spana 60, chakula na jiko 60. Jumla ni takribani kilo 730, na bado hujahesabu makabati ya mbao ambayo watu hupenda kujenga nyuma. Tumeyatoa. Masanduku ya plastiki yenye mikanda yanafanya kazi ileile kwa theluthi ya uzito. Juu ya keria limebaki hema na mabamba ya kukwamulia tu, kwa sababu uzito wa juu ndio unaolaza gari kwenye mteremko wa ubavu.

Dizeli imepigiwa hesabu hivi. Kwenye lami gari linakula lita 13 kwa kilomita 100, kwenye mchanga mzito tunahesabu 20. Kipande kirefu kisicho na kituo cha uhakika ni Rakops hadi Ghanzi kupitia hifadhini: zaidi kidogo ya kilomita 400 kwa njia ya moja kwa moja, na ukizungukia mabonde ya wanyama weka 600. Hiyo ni lita 120, ongeza asilimia 30 ya akiba, zinakuwa 156. Tenki zinatosha. Dumu la ziada lipo kwa sababu pampu za Rakops na Sesfontein huwa zinakauka, si kwa sababu hesabu inalitaka. Anayebeba madumu sita juu ya keria amejitengenezea tatizo jipya.

Tairi

Hapa ndipo safari hufaulu au kufeli, kwa hiyo maelezo ni marefu.

Rimu za asili zenye pete, zile za tairi 7.50R16 na tyubu, zina sifa moja nzuri: unaweza kuzifungua kwa vyuma viwili na nyundo. Tatizo liko kwenye mchanga. Ukishusha upepo sana, rimu huzunguka ndani ya tairi, tyubu inabaki nyuma, na vali inakatika shingoni. Kwa tyubu hatushuki chini ya PSI 18 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), na kwa Makgadikgadi na Kalahari hiyo haitoshi kila mara. Tumehamia rimu za chuma za kipande kimoja na tairi 235/85R16 zisizo na tyubu, ambazo kimo chake kinakaribiana na 7.50R16. Mwiba ukiingia, unachomeka plagi ya mpira bila kufungua tairi. Tyubu mbili zimebaki kwenye sanduku kwa siku ambayo rimu itapinda na kuvujisha pembeni. Anayebaki na rimu za pete akumbuke kuipitisha mnyororo au kuilaza tairi kifudifudi anapojaza upepo. Pete iliyokaa vibaya huruka kwa nguvu ya kuua.

Spea ni mbili kwa kila gari. Sababu ni mawe ya Damaraland na Kaoko, kaskazini-magharibi mwa Namibia. Yana ncha, yanachana ubavu wa tairi, na ubavu hauzibwi kwa plagi.

Upepo, ukipimwa asubuhi tairi zikiwa baridi: lami 36 mbele na 42 nyuma kwa mzigo huu, changarawe 28 hadi 30, mchanga 16 hadi 18, mchanga laini sana au gari limeshakwama, 12 hadi 14, na hapo hukati kona kwa kasi, maana tairi inaweza kuvuka ukingo wa rimu. Watu hudhani kupunguza upepo kunaipanua tairi. Inapanuka kidogo; kinachoongezeka hasa ni urefu wa sehemu inayogusa ardhi, na ndiyo maana gari linaelea badala ya kuchimba. Kurudisha upepo mkifika barabara ngumu ni lazima. Tairi laini kwa kilomita 80 kwa saa hupata joto ubavuni mpaka nyuzi zinaachana, na huoni chochote nje mpaka ipasuke.

Kitu kingine cha magari haya: kwenye modeli za kuanzia 2007 magurudumu ya mbele yamepanuliwa, ya nyuma yamebaki karibu zaidi. Kwenye mchanga ya nyuma hayakanyagi njia iliyoshindiliwa na ya mbele, yanakata ya kwake. Dalili yake ni gari kuwa zito bila sababu. Dawa rahisi ni kushusha upepo wa nyuma PSI 2 zaidi.

Umeme

Betri ya pili ni AGM (betri iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya Ah 100 (ampea-saa), inachajiwa na chaja ya ampea 25 kutoka betri kuu. Waya ni wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 60 iko pande zote mbili, kila moja karibu na betri yake. Fyuzi ya upande mmoja tu ni hatari: waya ukisuguliwa na bodi hadi ukachubuka, betri ya upande usio na fyuzi itauchoma.

Friji ya lita 40 inavuta wastani wa ampea 2, yaani Ah 48 kwa siku. AGM haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo gari likisimama una siku moja. Paneli ya wati 120 kwa jua la Agosti inarudisha kama Ah 36. Mkitaka kukaa kambini bila kuwasha injini, punguzeni baridi ya friji usiku. Nje kuna baridi ya kutosha.

Karatasi

Kwa gari lenye namba za Tanzania au Kenya: bima ya kadi ya njano ya COMESA inakufikisha Zambia na kuishia hapo. Botswana na Namibia hazimo, hivyo unalipia bima na ada ya barabara mpakani Botswana, na ada ya magari ya kigeni ukiingia Namibia. Risiti zikae kwenye bahasha moja, zinaulizwa kwenye vizuizi vya polisi. Kadi ya gari iwe na jina la mmoja wa waliomo, la sivyo barua ya mwenye gari yenye muhuri. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti.

Kambi za Kalahari ya Kati hulipiwa kabla. Geti la Matswere halipokei mtu wa "nitalipa nikifika".

Nyama inastahili aya yake. Botswana imegawanywa na uzio wa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo, na Namibia ina uzio wake. Kwenye vizuizi hivyo wanafungua friji, wanachukua nyama mbichi na mara nyingi maziwa, na mnakanyaga dawa kwa viatu, hata vile vilivyo ndani ya begi. Panga kununua nyama baada ya kizuizi, siyo kabla. Iliyopikwa kwa kawaida haileti ubishi.

Makgadikgadi

Kisiwa cha Kubu, au Lekhubu, si kisiwa cha maji. Ni kilima cha matale chenye mibuyu, ndani ya uwanda wa chumvi wa Sowa, kinachosimamiwa na jumuiya ya kijiji cha Mmatshumo kupitia Gaing-O Community Trust. Ada inalipwa kwao.

Uwanda unaonekana mgumu kama sakafu, na hapo ndipo magari hupotea. Juu kuna ukoko wa chumvi wa sentimita chache, chini yake matope ya kijivu yanayonata. Ukoko mweupe uliopasukapasuka umekauka. Ukiona rangi inageuka kahawia au kijivu kilichoiva, au chumvi inang'aa, kuna maji chini. Fuateni alama za magari zilizokwisha kushindiliwa na msizikate njia ya mkato hata kama kisiwa kinaonekana kwa macho. Alama moja inayokwenda pembeni halafu ikaisha inamaanisha aliyetangulia aligeuka, au alivutwa.

Gari likizama, la pili lisisogee. Lisimame mita 30 au zaidi nyuma, kwenye njia iliyolibeba, na kamba ziunganishwe kufika hapo. Jeki bila ubao mpana chini yake inazama yenyewe. Gurudumu moja linainuliwa, linatiliwa bamba, kisha lingine. Kama hakuna gari la pili, nanga pekee ni spea taya iliyozikwa wima kina cha mita moja, na hiyo ni kazi ya koleo ya nusu siku.

Kamba ya kuvutia iwe ya nailoni inayonyumbuka, ifungwe kwenye ndoano zilizoshikiliwa na chesisi. Kichwa cha kuvutia tela hakitumiki kamwe. Kikikatika chini ya mvuto kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu. Turubai au koti zito linalowekwa katikati ya kamba huiangusha ikikatika.

Kalahari ya Kati

Hifadhi ina kilomita za mraba zipatazo 52,800 na ilitangazwa 1961. Ndani hakuna mafuta, hakuna maji ya kunywa, hakuna mtandao. Maji ni lita 7 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika lita 5, zilizobaki kunawa. Yako kwenye vyombo viwili tofauti, ili kimoja kikipasuka msibaki na kiu. Simu ya setilaiti iko gari la mbele, ramani za nje ya mtandao ziko magari yote.

Mchanga wa hapa si wa milima mirefu, ni wa njia ndefu zenye mifereji miwili na mgongo wa nyasi katikati. Gia za chini hazihitajiki muda wote: fowili ya juu (magurudumu yote manne yakivuta, kwa gia za juu), gia ya pili au ya tatu, mzunguko wa injini kama 2,000, mikono imelegea kwenye usukani ili gari lifuate mfereji. Usishike breki unaposimama. Breki hutengeneza ukuta wa mchanga mbele ya kila gurudumu, na kuondoka hapo ndiko kunakokwamisha. Achia mafuta, gari lisimame lenyewe. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha mara moja. Sekunde tatu za ukaidi zinakushusha hadi difu. Rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe, shusha PSI 2, jaribu tena. Alfajiri mchanga ukiwa baridi unashika vizuri kuliko saa nane mchana.

Adui mkubwa ni nyasi. Mwaka wa mvua nzuri zinafika juu ya boneti, na mbegu zake zinafanya mambo mawili. Kwanza zinaziba rejeta: mshale wa joto unapanda gari likienda polepole, fundi asiyejua anaanza kutafuta pampu ya maji. Tumefunga mbele ya grili wavu wa madirisha ule wa kuzuia mbu, kwa vibanio vya plastiki. Unabanduliwa na kukung'utwa kila mnaposimama. Pili, nyasi zinajikusanya juu ya bomba la moshi, hasa pale linapopita karibu na gia boksi, zinakauka na kuwaka. Gari zima huungua kwa dakika chache. Kila kilomita 15 za nyasi ndefu mtu analala chini na kuzitoa kwa waya uliopindwa ncha. Kizimamoto cha kilo 2 kinakaa pale dereva anapofikia akiwa nje, siyo chini ya masanduku.

Kambi hazina uzio na simba wapo. Hakuna kuendesha usiku.

Ghanzi hadi Opuwo

Lami, kisha changarawe. Barabara za changarawe za Namibia ni nzuri kuliko lami ya nchi nyingi, na kwa hiyo zinaua: gari refu lenye mzigo likipita kilomita 80 kwa saa linaanza kuogelea, dereva anashika breki kwenye kona, linapinduka. Tunakwenda 70. Magari yanaachana kilomita moja kwa ajili ya vumbi, mnaongea kwa redio za mkono.

Mikunjo ya barabarani inakula shokapu. Kila kituo, gusa shokapu kwa mgongo wa mkono: zote zinapaswa kuwa na joto sawa. Iliyobaki baridi imekufa, haifanyi kazi. Inayochoma sana inafanya kazi ya wenzake. Kila jioni spana ipite kwenye boliti za U za springi, keria, vishikio vya betri na kishikio cha altaneta.

Kaoko

Opuwo ni mafuta ya mwisho ya uhakika. Hadi Sesfontein kwa njia ya Van Zyl weka kilomita 500.

Van Zyl's Pass hupitwa kutoka mashariki kwenda magharibi tu. Kupanda kinyume ni kukutana na gari linaloshuka mahali ambapo hakuna pa kupishana. Tela haliruhusiwi na akili, hata kama hakuna bango. Utaratibu: gia za chini, gia ya kwanza, mguu nje ya klachi, injini ndiyo breki. Mmoja anatembea mbele kuonyesha mawe. Upepo wa tairi 24, kwa sababu laini zaidi ya hapo ubavu unavimba nje na kuchanwa. Panapokuwa na mtaro mkubwa, jaza mawe, pita, kisha yatoe njiani.

Chini ni Marienfluss, bonde la nyasi na duara tupu za udongo mwekundu. Alama ya tairi hapa inabaki miongo. Njia moja tu. Alama ya kugeukia ni pipa jekundu la Red Drum.

Kwenye mito mikavu ya Hoarusib na Hoanib hatulali mchangani. Mafuriko yanatokana na mvua iliyonyesha bara mbali, wewe ukiwa chini ya jua kali, na tembo wa jangwani hupita hapohapo usiku. Hoanib pia ina vumbi laini kama unga linalopita kila ufa. Chujio la hewa hutolewa jioni na kupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume.

Pwani

Kuingia Skeleton Coast ni geti la Springbokwasser, kutoka ni Ugab, kibali mkononi. Barabara ya chumvi ya pwani hii ni laini na tulivu ikiwa kavu. Asubuhi ya ukungu inateleza kama imepakwa sabuni, kwa hiyo 60 inatosha.

Sandwich Harbour imetolewa kwenye mpango. Ni ukanda mwembamba kati ya mchanga na bahari, unapitika maji yakitoka tu, na bahari ikirudi haingoji mtu kuchimba. Wanaotaka kuiona walipie madereva wa Walvis Bay, wanaoijua kila siku.

Walvis Bay magari yamepelekwa kuoshwa chini kwa maji yasiyo na chumvi: ndani ya chesisi, juu ya tenki, nyuma ya sahani za breki. Kuosha bodi tu ni kujidanganya.

Sesriem

Kutoka geti ni lami kilomita 60, kisha kilomita 5 za mchanga hadi Sossusvlei. Fupi, na kwa siku ya wageni wengi ndiyo yenye mikwamo mingi katika njia nzima, kwa sababu watu wanaingia na PSI 36 na wanasimama katikati kumtazama aliyekwama. Shusha hadi 16 kwenye maegesho ya lami, fowili iwe imeshaingia, chagua mfereji mmoja, usisimame mpaka chini ya miti. Waliolala ndani ya geti wanaruhusiwa kuondoka saa moja kabla ya jua, wakati mchanga bado baridi.

Ukaguzi unaoendelea

Windhoek, gari likiwa juu ya jeki: oili za difu zote mbili na gia boksi zimefunguliwa, ikiwa na rangi ya maziwa imeingia maji na inabadilishwa yote. Fani za magurudumu ya mbele zinashikwa juu na chini na kutikiswa. Mchezo wowote, zinafunguliwa, maana mchanga hupita kwenye sili za magoti ya ekseli. Chujio la dizeli linamwagwa. Nipeli za propela shafti zinapigwa grisi mpaka ile chafu itoke yote. Bado: bushi za nyuma za gari la pili zimeagizwa, na boliti za U zitakazwa upya baada ya kilomita 500 za kurudi.